Aliyeanguka Mteremkoni Asirudishwe Kileleni

Tulikuwa watatu mbele ya kompyuta moja katika chumba chetu cha homu. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, betri ilikuwa imebaki asilimia 19, na Kapita wetu alikuwa anashika nafasi ya tatu katika Tour de France. Zilibaki etapu nne kufika Paris. Alikuwa amemwacha wa nne kwa dakika 1 na sekunde 52. Alivuka kilele cha Madeleine pamoja na wakubwa, akaanza kuteremka, na katika kona moja skrini ikaandika jina lake kwa rangi nyekundu: ameanguka.

Dakika ishirini baadaye hesabu ilikuwa imekwisha. Kapita alikuwa amepoteza dakika 11 na kushuka hadi nafasi ya 12. Mwenye kompyuta alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: «Turudishe nyuma. Faili la jana lipo. Nani atajua?»

Kwa msomaji asiyejua mambo haya, nieleze kwanza. Tunacheza Pro Cycling Manager, mchezo wa kampuni ya Kifaransa ya Cyanide. Humo hushiki usukani wa baiskeli. Wewe ni mkuu wa timu. Una wakimbiaji wanane, na kila mmoja ana alama zake: milima, tambarare, mbio dhidi ya saa, kuteremka, uwezo wa kupumzika usiku akaamka na nguvu. Unaamua nani amlinde nani, nani akimbie na watoro asubuhi, nani arudi nyuma kwenye gari kuchota maji. Mengine huamui. Kila asubuhi mashine inampa kila mtu hali yake ya siku, njema au mbaya, na inatupa ajali zake kama anavyotupa karata mtu usiyemwona mkono.

Njia tuliyokimbia ni ile ya mwaka 2025, iliyoanzia Lille na kuishia Paris, etapu 21. Etapu ya 18 ndiyo iliyotuumiza: kutoka Vif hadi Col de la Loze juu ya Courchevel, kilomita 171.5, ukipita kwanza Glandon na Madeleine, halafu unapanda hadi mita 2,304. Katika mbio za kweli siku hiyo ilikuwa ngumu kwa kila mtu. Kwetu ilikuwa ngumu zaidi kwa mmoja.

Timu yetu inaitwa Makala. Msomaji wa Lubumbashi ameshaelewa. Kila alfajiri, kwenye barabara ya Kasenga, unawaona wale wanaume wanaoingia mjini na magunia ya makala juu ya kinga, mzigo umepita kimo cha mwenyewe, na kwenye kila mlima mdogo wanashuka na kusukuma. Kiongozi wa timu tulimwita Kapita, kama wazee wetu walivyomwita msimamizi wa kazi. Waliobaki tuliwapa majina ya watu wa homu, na sitayataja hapa kwa sababu wenyewe hawajasahau nani alipewa alama 52 za kuteremka.

Sasa lazima niseme jinsi timu inavyofuatiliwa, kwa kuwa hapo ndipo penye ubishi. Kompyuta ni moja, na umeme ukija ni usiku sana. Wanaocheza ni wawili au watatu. Lakini wanaoifuata timu ni wengi, labda ishirini, na karibu wote hawajaiona hata siku moja. Wanaisikia. Kazi ya kusimulia nilipewa mimi, kwa kisingizio kwamba nasoma isimu. Saa kumi na mbili asubuhi tunapanga foleni bombani na bido zetu, na hapo ndipo etapu ya jana inapokimbiwa kwa mara ya pili. Siku tuliyopeleka wachota maji watatu kumrudisha Kapita baada ya gurudumu kutoboka, niliisimulia huku mimi mwenyewe nimebeba bido mbili za lita 20, na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akasema sasa ameelewa kwa nini wale watu wanaheshimiwa.

Katika foleni ile niliona jambo ambalo darasani nilikuwa nalijua kwa kitabu tu. Mbio za etapu ni masimulizi ya -ka-. Alishambulia, akafuatwa, akaachwa, akapumua, akawarudia mlimani. Kiambishi hiki, kama tunavyofundishwa, hakisimami peke yake. Kinaegemea tendo lililotangulia, na kila tendo jipya linasimama juu ya mgongo wa lile la kabla yake. Na mbio zenyewe ndivyo zilivyo. Katika Tour anayeshinda si yule aliyeshinda siku nyingi. Ni yule ambaye saa zake zote, zikijumlishwa kwa wiki tatu, ni chache kuliko za wengine. Sekunde iliyopotea Jumanne ya kwanza bado iko mgongoni mwako Jumapili ya mwisho. Hakuna siku inayofutwa.

Kwa hiyo ombi la mwenye kompyuta halikuwa dogo. Alikuwa anaomba tung'oe -ka- moja katikati ya sentensi na kuweka -ngali- mahali pake: asingalianguka, angalifika na wakubwa, tungalikuwa wa tatu Paris.

Nimtendee haki, kwa sababu hoja zake zilikuwa nzuri, na wengi wenu mtakuwa upande wake. Alisema kwanza kwamba ni mchezo. Hakuna mtu aliyevunjika mfupa, hakuna mshahara uliopotea. Akasema pili kwamba kuanguka kule hakukuwa kosa letu. Tulikuwa tumepanga vizuri, tulikuwa tumemwekea Kapita mlinzi mbele na mlinzi nyuma, na mashine ikatupa karata yake. Kwa nini tuheshimu bahati mbaya ya programu? Akasema tatu kwamba mchezo wenyewe umeweka mlango wa kurudi nyuma, na aliyejenga nyumba hawezi kukulaumu ukipita mlangoni. Na hoja yake ya nne ndiyo iliyonigusa zaidi: watu wa foleni wanahitaji habari njema. Wiki ile ilikuwa ya mitihani, maji yalikuwa haba, na timu ya Makala ilikuwa kitu kimoja kilichokuwa kinaenda vizuri.

Nakiri kwamba nilikubali. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta lile faili. Aliyetuzuia ni yule kijana wa mwaka wa kwanza, ambaye alikuwa amekaa kitandani nyuma yetu bila kusema kitu tangu Glandon. Aliuliza kwa heshima kabisa: «Yaya, halafu kesho bombani utasimulia nini?»

Nikamjibu nitasimulia etapu, kama kawaida. Akauliza: «Ipi?»

Swali hilo lilinirudisha kwenye barabara ya Kasenga, na hapa inanibidi nikiri jambo ambalo halihusu kompyuta.

Mwaka uliopita nilikuwa nakusanya masimulizi kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa mzunguko. Nilikwenda na simu yangu kuwarekodi wabeba makala, kwa sababu nilitaka kuona jinsi wanavyopanga matukio wanapohadithia safari. Mzee mmoja alinisimulia siku aliyoanguka na magunia mawili kwenye mteremko, mvua ikinyesha, breki zimekufa. Alisimulia kwa Kiswahili cha hapa kwetu, Kibemba kikiingia kilipotaka, Kifaransa cha hapa na pale, anasimama, anarudi, anacheka, anasahau jina la kijiji na kulikumbuka mwisho. Ilikuwa dakika tisa. Nami, badala ya kushukuru, nikamwomba asimulie tena, kwa ufupi, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sababu nilitaka mifano safi ya kuweka kwenye jedwali langu.

Alinitazama akasema: «Nilisha kuanguka, mwanangu. Unataka nianguke tena?»

Lakini alikuwa mtu mwema, akasimulia tena. Rekodi ya pili ilikuwa ya dakika mbili. Haikuwa na Kibemba, haikuwa na kicheko, na mvua haikunyesha. Vitenzi vyote vilikaa mahali nilipotaka vikae. Hiyo ndiyo niliyoitumia. Nilipata alama nzuri, na ile ya kwanza ilipotea simu yangu ilipoharibika. Sasa kila nikitafuta mfano mzuri wa jinsi mtu wa Lubumbashi anavyosimulia kuanguka, nakumbuka kwamba nilikuwa nao mkononi, nikarudisha mchezo nyuma.

Basi nilimwambia mwenye kompyuta tuache kama ilivyo. Alikasirika. Alisema mimi nachanganya mambo, kwamba mzee wa makala ni mtu na Kapita ni namba. Ni kweli. Ila waliokuwa wanangoja bombani hawakuwa namba. Nikiwasimulia etapu ambayo haikutokea, hata ndani ya mashine, nitakuwa nawauzia rekodi ya pili. Tulipiga kura, wawili kwa mmoja, na kwa kuwa ni mtu muungwana alihifadhi etapu ile na kufunga kompyuta. Betri ilikuwa asilimia 4.

Asubuhi niliisimulia kama ilivyokuwa. Sijawahi kuona foleni ikinyamaza vile. Dada mmoja aliweka bido yake chini akauliza kama Kapita anaweza kuendelea. Nikamwambia anaweza, ila jukwaa limekwisha. Wakaanza kubishana, na ubishi huo ulidumu hadi jioni: tumlinde ili abaki wa 12, au tumwachie aende?

Hapo ndipo mbio zilipofunguka. Wanaojua mchezo huu, wa kweli au wa kompyuta, wanajua kanuni yake moja ya ajabu: mtu wa tatu hapewi ruhusa ya kukimbia na watoro, kwa sababu ni hatari kwa wakubwa. Mtu aliyepoteza dakika 11 anaachiwa. Hasara yake ndiyo tikiti yake. Etapu ya 19, kuelekea La Plagne, tulimpeleka Kapita mbele mapema. Timu kubwa zikamtazama akienda, hakuna aliyejisumbua. Alikaa mbele kutwa nzima. Alikamatwa kilomita 2 kabla ya mwisho, akafika wa 9. Kesho yake, kati ya Nantua na Pontarlier, kwa kuwa Kapita hakuhitaji tena kulindwa kwa kila pumzi, mchota maji wetu mmoja, yule wa alama 52 za kuteremka, aliingia kwenye kundi la watoro na kumaliza wa tatu. Mwenye jina lile alibebwa juu juu katika uwanja wa homu. Paris tulifika Kapita akiwa wa 11.

Sisemi kwamba ajali ilikuwa baraka. Ningependa jukwaa, na bado linaniuma. Nasema tu kwamba siku zile mbili zisingalikuwepo. Ukirudisha mchezo nyuma unafuta kuanguka, na pamoja na kuanguka unafuta kila kilichokuwa kinangoja ng'ambo ya pili.

Tazama hadithi ambazo wapenzi wa baiskeli wanazirudia kila mwaka. Mwaka 1989, Laurent Fignon aliianza etapu ya mwisho, mbio dhidi ya saa za kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, akiwa mbele ya Greg LeMond kwa sekunde 50. Akapoteza Tour kwa sekunde 8, baada ya zaidi ya kilomita 3,000. Mwaka 2020, Primož Roglič alikuwa na jezi ya njano na sekunde 57 za akiba ilipobaki etapu moja kabla ya Paris. Kwenye mlima wa La Planche des Belles Filles kijana wa miaka 21, Tadej Pogačar, akamnyang'anya jezi ile. Fignon na Roglič, kama wangalikuwa na faili la jana, nani angaliwalaumu kwa kulifungua? Na nani leo angalikuwa na hamu ya kusimulia? Watu wanakumbuka sekunde 8 kwa sababu hakuna aliyeweza kuzirudisha.

Mtaniuliza, basi kwa nini msifuate mbio za kweli? Tunazifuata tunapoweza. Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda etapu tatu na jezi ya kijani katika Tour ya 2024, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda etapu humo, tulilipa data kwa pamoja ili tutazame dakika za mwisho. Lakini mashindano ya dunia yalipoletwa Afrika kwa mara ya kwanza, Septemba 2025, yalifanyika Kigali, na kwa sababu ambazo hakuna Mkongomani anayehitaji kuelezwa, wengi katika homu yetu hawakutaka kuyatazama. Mbio za kompyuta zilikuwa za kwetu. Hazikuwa na runinga ya kulipia wala hazikutuuliza tunatoka wapi. Ndiyo maana nataka tuziheshimu. Kitu pekee ambacho simulizi ya kubuniwa inaweza kukopa kutoka kwa maisha ni uzito wa jambo lililokwisha kutokea. Ukikinyima hicho, umebaki na picha za watu wadogo wanaosogea kwenye skrini.

Mwenye kompyuta bado ana hoja moja ambayo sijaishinda. Anasema kwamba kurudia ndiko kujifunza, na kwamba hata sisi wanaisimu tunatunga sentensi, tunazigeuza, tunaweka kinyota mbele ya zile zisizokubalika, tunajaribu tena. Ni kweli. Kwa hiyo nakubali pawepo faili la mazoezi, na humo aanguke anayetaka na ainuke mara mia. Lakini faili la mazoezi na faili la foleni visichanganywe. Sentensi ya kutunga ina kazi yake, na neno lililotoka kinywani mwa mtu lina kazi yake. Ubaya unaanza pale tunapochukua la kwanza na kulipitisha kama la pili, nami nimeshafanya hivyo, kwenye karatasi yenye jina langu.

Wenzangu wa fakulti, mwezi huu wengi wenu mnatoka kwenda kurekodi. Mtakutana na mtu atakayesimulia vibaya kulingana na mpango wenu: atachanganya lugha, atarudi nyuma, ataanguka katikati ya sentensi. Msimwombe aanguke tena kwa unadhifu. Andikeni alivyoanguka, kisha mfuate anakokwenda.

Sisi nasi tunaanza msimu mpya Jumamosi, umeme ukiwapo. Kapita amezeeka mwaka mmoja na alama zake za kuteremka hazijapanda. Mwenye kompyuta amekubali kanuni moja, na ameiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino juu ya kifuniko: faili moja tu. Anayetaka kujua yatakayotokea aje bombani saa kumi na mbili, na bido yake.